Picha za Watu ni Amana

Kila ufikapo Mfungo Mosi, baada ya Sikukuu ya Idd kumalizika, visiwa vyetu vya Unguja na Pemba huingia katika msimu wa harusi. Kumbi hujaa, vyombo hukodiwa, mafundi cherehani hawalali, na wapiga picha huitwa kutoka nyumba moja hadi nyingine. Tunawapongeza maharusi wote wa mwaka huu na kuwaombea maisha mema. Lakini furaha hizi zina jambo moja ambalo halijazungumzwa kwa uzito unaostahili, nalo ni hili: baada ya wageni kurudi makwao, picha zilizopigwa huenda wapi, hukaa kwa nani, na nani ana uwezo wa kuzitazama?

Swali hili si dogo kwa jamii kama yetu. Katika hafla za wanawake, bibi harusi hupambwa na jamaa zake huvua mabuibui kwa sababu wamo miongoni mwa wanawake wenzao. Familia nyingi huchagua mpiga picha mwanamke kwa sababu hiyo hiyo. Lakini sitara iliyolindwa mlangoni mwa ukumbi yaweza kupotea wiki moja baadaye, pale picha zote mia tano zinapowekwa katika mtandao na kiungo chake kutumwa kwa WhatsApp bila ya neno la siri. Dada humpelekea shoga yake, shoga humpelekea binamu, na kufika magharibi watu wasiohusika wanazitazama. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa namna nyingine. Pale Mji Mkongwe, studio ya Capital Art iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kuendelezwa na mwanawe Rohit Oza, ilipiga picha za vizazi kadhaa vya Wazanzibari. Kabla yake ilikuwapo studio ya familia ya Gomes. Katika zama hizo mteja aliingia dukani, akakabidhiwa bahasha ya picha mkononi, na negativu zikabaki kabatini kwa mpiga picha. Aliyetaka nakala nyingine alirejea dukani. Siri ilikuwa ni kabati lenye kufuli, na mlinzi wake alikuwa mtu anayejulikana mtaani, mwenye jina la kulinda.

Leo kabati hilo limehamia mbali. Wapiga picha wengi wanaopeleka kazi zao kwa njia ya mtandao hutumia huduma za makampuni ya kigeni. Hulipa ada ya kila mwezi au kila mwaka kwa dola kupitia kadi ya benki, na wengine hutegemea nafasi ya bure inayotolewa na makampuni hayo. Hatusemi kwamba huduma hizo ni mbaya. Nyingi zimetengenezwa kwa ustadi, na mteja huzitumia bila ya taabu. Lakini ni wajibu wetu kukumbusha kwamba mpangaji hana kauli juu ya paa la nyumba. Kadi ikikataliwa na benki, au bei ikipandishwa, au kampuni ikibadili masharti, mwenye kubaki mlangoni ni mpiga picha na mteja wake.

Mifano iko wazi. Mwezi Novemba 2018 kampuni ya Flickr ilitangaza kwamba wenye akaunti za bure wasingeruhusiwa kuweka zaidi ya picha 1,000. Google Photos, iliyokuwa ikipokea picha bila ya kikomo kwa ubora uliopunguzwa, iliacha utaratibu huo tarehe 1 Juni 2021, na tangu hapo kila picha mpya huhesabiwa katika gigabaiti 15 za bure. Mwaka 2020 huduma ya image.canon, ambayo ni ya kampuni kubwa ya kutengeneza kamera, ilipoteza baadhi ya picha halisi za watumiaji wake. Haya hayakutokea kwa vibanda vya uchochoroni. Yametokea kwa wenye majina makubwa duniani.

Sisi watu wa visiwani tumekwishafundishwa somo la kutegemea waya mmoja. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa gizani kwa muda wa miezi mitatu, na biashara nyingi zilidhoofika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na mtandao ukayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo. Aliyekuwa ameahidi kukabidhi picha za harusi siku ile hakuwa na la kumwambia mteja ila kumwomba subira.

Ndiyo maana tunaona wakati umefika wa wapiga picha wetu kuifikiria kwa makini njia ya pili, nayo ni kutumia programu ya maonyesho ya picha ambayo mpiga picha anaiweka na kuiendesha mwenyewe. Kwa lugha nyepesi, badala ya kupanga chumba katika nyumba ya mwingine, anajenga banda lake. Programu hukaa katika seva aliyoikodi kwa jina lake, au katika kompyuta iliyomo dukani mwake. Mteja hupewa kiungo na neno la siri, akafungua albamu yake kwa simu, akazitazama picha na kuzipakua. Programu za namna hii ziko nyingi, na zilizo mashuhuri ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na mtu anaruhusiwa kuutumia na kuurekebisha kwa masharti ya leseni yake.

Tuzitaje chache ili ndugu zetu wapate pa kuanzia. Piwigo ni ya tangu mwaka 2002 na asili yake ni Ufaransa. Inatumia PHP na hifadhidata ya MySQL, kwa hiyo inaweza kukaa katika nafasi ya kawaida ya tovuti isiyo ya bei kubwa, na ina utaratibu wa kumpa kila mtumiaji au kila kundi ruhusa ya albamu fulani tu. Lychee ni nyepesi na yenye sura nzuri, na inaruhusu albamu kufungwa kwa neno la siri. Immich ilianza mwaka 2022 kwa ajili ya picha za watu binafsi na familia zao. Viungo vyake vyaweza kuwekewa neno la siri na tarehe ya ukomo, lakini inahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi kwa kuwa hufanya kazi nzito kama kutambua nyuso, kazi ambayo yafaa mpiga picha aizime ikiwa haihitaji. Nextcloud, iliyoanza mwaka 2016, ni kabati la mafaili ya kila aina. Si maonyesho ya picha hasa, ila viungo vyake navyo hufungwa kwa neno la siri na hupewa tarehe ya mwisho.

Tunapenda kutahadharisha kwamba nyingi kati ya hizi hazikuandikwa mahsusi kwa mpiga picha wa biashara. Asitarajie mtu kukuta ndani yake kila kitu anachokipata katika huduma ya kulipia, kama vile mteja kuchagua picha za kuchapishwa na kulipa papo hapo. Atakayeamua kwa kutazama uzuri wa ukurasa wa mbele peke yake atajuta. Kwa maoni yetu yako mambo matano ya kuyapima kabla ya kuchagua.

La kwanza ni sitara. Je, kila albamu yaweza kufungwa peke yake, bila ya mteja mmoja kuona ya mwingine? Je, kiungo chaweza kufa chenyewe baada ya siku 30 au 60? Je, mitambo ya kutafutia inazuiwa kuzisoma kurasa hizo? Na je, picha anazopewa mteja zimeondolewa taarifa zilizofichika ndani ya faili, kama mahali zilipopigwa? Picha ya mtoto iliyopigwa uani yaweza kumwonyesha mtu asiyejulikana nyumba ilipo. Programu isiyoweza kujibu maswali haya iachwe, hata kama ni ya bure na ya kupendeza.

La pili ni wepesi wake kwa mteja. Wateja wetu wengi wanafungua picha kwa simu, na wananunua data kwa vifurushi. Tufanye hesabu. Harusi yenye picha 500, kila moja ikiwa na megabaiti 10, ni gigabaiti 5. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, kuzipakua zote huchukua zaidi ya saa nzima, na kifurushi cha mteja huenda kikaisha njiani. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kiasi cha megabaiti 0.6 kila moja, ambazo zinatosha kabisa kutazamwa katika simu, jumla yake ni megabaiti 300 na huchukua dakika nne. Programu nzuri ni ile inayotengeneza picha ndogo za kutazama, na kuacha picha kubwa kwa mwenye kutaka kuchapisha.

La tatu ni njia ya kutokea. Mtu mwenye busara, kabla ya kuingia katika nyumba, huangalia na mlango wa nyuma. Picha ziwe katika mafaili ya kawaida yaliyomo ndani ya mafolda, ili programu ikifa leo, kazi ya miaka kumi isife nayo. Vilevile mpiga picha asajili anuani yake mwenyewe, yenye kiishio cha .tz. Akiwa na anuani yake, anaweza kuhama kutoka seva moja hadi nyingine, na mteja asijue kwamba pamehamwa. Asiye na anuani yake, kila akihama huanza upya kama mgeni.

La nne ni uhai wa programu yenyewe. Aangalie kama inaendelea kurekebishwa, na lini ilirekebishwa mara ya mwisho. Programu iliyotupwa na watungaji wake ni kama mlango ambao kitasa chake kimeoza: umefungwa kwa macho tu. Na hata programu iliyo hai huhitaji mwenye nyumba aisasishe, kwani marekebisho mengi huziba matundu ambayo wezi wamekwisha kuyagundua.

La tano ni nakala za akiba. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani kwamba kuwa na seva ni sawa na kuwa na hifadhi. Kanuni inayofuatwa duniani ni nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja kati ya hizo iwe mahali pengine. Mpiga picha anayefanya harusi 60 kwa mwaka, kwa hesabu yetu ya gigabaiti 5 kila harusi, anahitaji gigabaiti 300 tu kwa picha alizozikamilisha, na diski moja ya nje ya terabaiti 1 itamtosha kwa miaka mitatu. Mwenye duka Unguja aweke diski ya pili kwa jamaa yake Chake Chake au Wete, ikiwa imefungwa kwa neno la siri. Chumvi ya bahari na unyevu wa pwani haviwahurumii wenye diski moja. Tena asingoje siku ya msiba ndipo ajue kama nakala yake inafunguka: kila baada ya miezi mitatu ajaribu kurejesha albamu moja kutoka katika akiba.

Baada ya kupima hayo, linabaki suala la mahali pa kuiweka programu. Wako wanaosema kompyuta iwe dukani, na wako wanaosema ikodiwe seva. Kwetu sisi jibu linatokana na hali ya visiwa. Umeme hukatika, na njia za mtandao za madukani mara nyingi hazina anuani ya kudumu inayoweza kufikiwa kutoka nje. Kwa hiyo tunaona njia ya kati ndiyo yenye usalama: picha ndogo za maonyesho zikae katika seva ya kukodi, kwa anuani ya mpiga picha mwenyewe, na picha kubwa za asili zibaki dukani na katika nakala zake. Aliye na kompyuta dukani anaweza pia kuwakabidhi wateja picha zao kwa mtandao wa ndani ya duka, bila ya kupita baharini. Siku ile ya Mei 2024, mwenye utaratibu huo angemwambia mteja, “Njoo dukani na simu yako,” na kazi ingekwisha kwa dakika chache.

Hata hivyo hatutaki kumdanganya mtu. Programu huria haina bei ya kununua, lakini ina gharama ya jasho. Yuko mpiga picha hodari ambaye hana saa wala hamu ya kushughulika na seva. Huyo ni afadhali aendelee na huduma ya kulipia yenye sifa njema, afunge kila albamu kwa neno la siri na kuweka akiba zake nyumbani, kuliko kufungua seva na kuitupa bila ya mlinzi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Lakini kwa nini kila mmoja abebe mzigo peke yake? Visiwa vyetu vina historia ndefu ya ushirika katika uvuvi, ukulima na ushoni. Wapiga picha kumi wakichanga, wanaweza kukodi seva moja na kumlipa fundi mmoja wa kuiangalia, kila mmoja akiwa na eneo lake lililofungwa. Kwa picha za hafla za wanawake, fundi huyo awe mwanamke, kwa kuwa mwenye ufunguo wa seva anaweza kuona kilichomo ndani. Ni upuuzi kumtafuta mpiga picha mwanamke kwa ajili ya sitara, kisha kumkabidhi kijana asiyejulikana kabati zima. Wasichana waliosomea kompyuta wapo. Wapewe kazi hii.

Sasa tunawageukia waheshimiwa watendaji wa Serikali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, azitumie kwa lengo lililokusudiwa, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Picha ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake. Tunaamini wapiga picha wengi wadogo hawajaelezwa maana ya sheria hii kwa kazi yao. Kuwangojea wakosee kisha kuwaadhibu si uongozi. Wafuatwe huko Darajani, Mwanakwerekwe, Mkoani na Konde, waelezwe kwa Kiswahili chepesi wajibu wao ni upi, na wapewe mfano wa mkataba mfupi wa kutia saini na mteja: picha zitakaa kwa muda gani, nani atazitazama, na kama mpiga picha ana ruhusa ya kuzitumia kutangazia biashara yake.

Vilevile Serikali yenyewe ni mteja. Kila siku hupigwa picha za ziara, za mikutano, za uzinduzi wa skuli na hospitali. Picha hizo ni historia ya nchi. Ikiwa zimo ndani ya akaunti ya ofisa mmoja, au katika huduma ya nje inayolipiwa kwa kadi ya mtu binafsi, basi siku ofisa huyo atakapohamishwa au kadi itakapokwisha muda, historia itahama naye. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunashauri kila mkataba wa kupiga picha za Serikali uwe na sharti la kukabidhi picha za asili, zikiwa na tarehe, mahali na majina ya waliomo, na nakala moja ipelekwe Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Na vyombo vinavyosimamia mitambo ya Serikali vitazame uwezekano wa kuwakodisha wananchi wenye biashara ndogo nafasi ya seva humu humu visiwani, kwa bei wanayoimudu na kwa malipo ya shilingi.

Kwa wananchi wenzetu tuna neno moja la mwisho. Unapomlipa mpiga picha, usiulize bei na idadi ya picha tu. Muulize zitakaa wapi, zitafungwa kwa nini, zitaondolewa lini, na ana nakala ngapi. Ukipokea kiungo, usikitupe katika kila kundi la simu. Mpiga picha atakayekujibu maswali hayo bila ya kubabaika, huyo ndiye wa kumpa kazi ya harusi ya mwanao, na asiyeweza kuyajibu apewe muda wa kujifunza kabla ya kupewa amana ya watu.